Barua za Ijumaa

Barua ya tano ilifika siku ya Ijumaa, kama zile nne zilizoitangulia, na kama zile nne ilisema kila kitu ni shwari. Binti alikuwa mzima. Alikuwa akila na kushiba. Umeme ulikuwepo, na jioni mwanafunzi wa chumba cha pili alipiga kinanda mpaka wenzake wakatishia kumfungia nje. Asubuhi hiyo hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba mji ule umetimiza siku tisa bila maji wala umeme, na kwamba bomu limeanguka upande wa mabweni ya chuo kikuu. Baba yake, fundi cherehani, aliizima redio kabla mkewe hajaingia. Kati ya redio na mwanawe, alijua wa kumwamini.

Walikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Bibi yake, mama mzaa fundi, ndiye aliyembandika jina la Pindo siku alipozaliwa, akisema nguo ikishafika kwenye pindo imekwisha, hakuna kingine cha kushona. Na kweli hawakupata mwingine. Sasa Pindo alikuwa mwaka wa tatu, akisomea ufamasia katika nchi ambayo ilikuwa na amani alipokwenda. Vita vilimkuta huko. Simu za mji ule zilikatika wiki ya kwanza, na kilichobaki ni barua, zilizobebwa na shirika la misaada hadi ng'ambo ya mpaka na kutiwa posta huko, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mama Pindo aliisoma barua ya tano kwa sauti, amesimama katikati ya chumba cha mbele ambacho mchana kilikuwa karakana ya mumewe. Aliisoma taratibu, na kila alipofika kwenye mzaha alicheka mapema kidogo, kana kwamba alikwisha kuusikia. Mwisho binti alikuwa ameandika: "Mwambieni Bibi asikae mlangoni jua likishapanda. Najua ni mbishi. Mvuteni na kiti chake."

Mama Pindo akaikunja barua, akaenda mlangoni, akakivuta kiti hadi kivulini. Kiti kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa amezikwa karibu wiki tatu zilizopita.

*

Bibi alifariki baada ya barua ya pili. Alijilaza mchana kupumzisha miguu, na walipokwenda kumwamsha hakuamka. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka na viti vyao vya kuazima. Ndipo mume na mke walipokaa mezani kumjibu mtoto.

Mama Pindo ndiye aliyekuwa na mwandiko, hivyo kalamu ilikuwa yake. Aliandika mstari mmoja, akaichana karatasi. Akaandika mwingine, akaichana nayo. Mwisho akaweka kalamu chini na kumtazama mumewe.

"Yuko peke yake vitani," alisema. "Nimwambie, kisha alie na nani?"

Wakakubaliana wanyamaze, si milele, mpaka vita vitulie tu au mtoto arudi. Uamuzi ulikuwa wa huruma, na hakuna mtu mwenye mtoto atakayewalaumu. Lakini ukishaamua kwamba maiti ni mzima, huna budi kumtafutia na kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa salamu. Bibi hakujua kuandika, lakini hakuna barua iliyotoka nyumba ile bila alama yake. Alikuwa akikandamiza kidole gumba kwenye pedi ya wino wa zambarau, halafu kwenye kona ya chini ya karatasi, upande wa kulia, na kusema hiyo ni salamu yake na wengine waandike porojo zao. Kilikuwa kidole kile kile kilichopitiwa na sindano ya cherehani ujanani kikapasuka, na Bibi alijivunia kidole hicho kuliko vile watu wanavyojivunia vyeti. Barua ikifika bila salamu hiyo, Pindo angeuliza.

Fundi akakaa kwenye kiti cha mama yake, kwa kuwa kutoka hapo meza ilifikika vizuri. Akabonyeza gumba lake kwenye wino, akalibandika kwenye kona. Lilitoka zuri, la mviringo, limejaa. Mkewe aliliangalia, akasema ni lile lile kabisa.

Wino ule haukutoka haraka. Siku mbili baadaye mteja alirudisha blauzi nyeupe ya shule yenye doa la zambarau kwenye kola, doa lenye umbo la kidole. Alimwambia fundi kwamba kwa mtu wa umri wake na sifa zake, hiyo ni aibu. Fundi aliomba radhi, akashona kola mpya, na hakueleza kidole kile kilikuwa cha nani.

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kuishi kwa barua. Pindo akiandika kwamba Bibi asikose kikombe chake cha chai cha saa kumi, Mama Pindo alikuta amekwisha kukimimina, na akakiacha mezani kikapoa. Alipomwandikia majibu alilazimika kusema Bibi anaendeleaje, na uongo hautaki ufupi. Akaandika kwamba miguu inamsumbua kidogo lakini si sana, kwamba amegombana na paka wa jirani. Siku moja mama mmoja aliingia kuchukua gauni lake akacheka kwa sauti kubwa. Mama Pindo akaweka kidole mdomoni na kumwambia ashushe sauti, Bibi amelala. Mama yule alikuwa amehudhuria mazishi. Alichukua gauni bila kulijaribu, na tangu siku hiyo alipeleka nguo zake kwa fundi mwingine.

*

Kulikuwa na ofisi mjini iliyoshughulikia wanafunzi walio nje. Ukutani mwake walibandika orodha mbili. Moja ilikuwa ya wale ambao habari zao zinajulikana, na ya pili ya waliopotea, wanaotafutwa. Magari ya shirika yalipopata nafasi ya kuingia katika mji ule, yaliingia na orodha ya pili. Wa orodha ya kwanza walihesabiwa kwamba wanaweza kungoja.

Mwanzoni Pindo alikuwa kwenye orodha ya pili, kama wote. Barua ya tatu ilipofika, Mama Pindo alivaa vizuri, akazitia barua zote kwenye mkoba, akaenda kuzionyesha. Karani alizisoma moja baada ya nyingine. Akatabasamu, akachukua rula, akalipigia mstari jina la Pindo na kuliandika upya kwenye karatasi ya kwanza. Wazazi waliokaa kwenye benchi walikuwa wakimtazama. Mwanamke mmoja aliomba kuishika barua mojawapo. Aliinusa, akairudisha bila neno. Mama Pindo alirudi nyumbani amesimama wima kuliko alivyokwenda. Alimsimulia mumewe yote, hata ile habari ya mwanamke aliyenusa, na ndani ya masimulizi hayo kulikuwa na majivuno kidogo, ambayo baadaye yalimchoma kuliko kitu chochote.

*

Barua ya sita ilikuja Ijumaa. Mama Pindo alikuwa sokoni, kwa hiyo fundi aliipokea mwenyewe, akaisoma mwenyewe, akaiweka kwenye meza ya kukatia pamoja na zile nyingine alizokuwa amezitoa kulinganisha habari za kinanda.

Pindo aliandika kwenye karatasi ya kahawia, ile ambayo mafundi huchorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Baba yake alimpa gombo zima siku ya safari ili asije akasingizia kukosa karatasi. Hakuweka tarehe, alisema siku zimemchanganya. Na chini ya jina lake, tangu shule ya msingi, alikuwa na mtindo wa kuvuta mkia mrefu wa kalamu unaoteremka kama uzi uliokosa fundo. Mkia wakati mwingine ulitoka nje ya karatasi kabisa.

Fundi aliona kialama kidogo juu ya barua ya sita, kwenye ukingo uliochanwa. Kilikuwepo hata kwenye barua nyingine. Siku zote alidhani mtoto anajaribu kalamu. Sasa, kwa bahati tu, barua ya sita ilikuwa imelala chini ya barua ya pili. Na mkia wa jina kwenye barua ya pili uliishia ukingoni, mahali pale pale kialama cha barua ya sita kilipoanzia.

Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini huyu alikuwa ametumia miaka thelathini kulinganisha mistari ya kitambaa ili ikutane kwenye mshono, na mkono wake ulisogea kabla ya akili. Aliivuta barua ya sita juu kidogo. Kingo mbili zilizochanwa zikaingiana, jino kwa jino. Mstari wa wino ukapita kutoka barua moja kwenda nyingine bila kukatika.

Alijaribu ya nne. Ikakaa chini ya ile ya sita. Ya kwanza ikakaa juu ya ile ya pili. Alizunguka meza akizipanga, akikosea, akirudia, mpaka barua sita zikawa kipande kimoja kirefu kilichoning'inia mezani. Kuzikatisha kwenye gombo kusingemtia shaka, maana gombo ni moja. Ila mikia ile ilikuwa imevutwa kabla karatasi haijachanwa, na iliyofika ya sita ilikuwa imeandikwa kabla ya iliyofika ya nne. Hizi hazikuwa barua za wiki sita. Pindo aliketi siku moja, pengine siku ya kwanza ya mabomu, akaandika wiki zote hizo kwa mkupuo, na kinanda, na kushiba, na umeme, halafu akazichana na kumwachia mtu awe anazituma moja moja. Mtu huyo hata hakufuata mpangilio wake.

Wiki sita walikuwa wamezungumza na mtoto wa siku moja. Kwenye barua ya chini kabisa mkia ulitoka nje ya ukingo ukining'inia, unangoja kipande kingine. Kwa hiyo ilikuwepo ya saba, na itakuja Ijumaa ijayo, awe hai asiwe hai.

*

Hakumwambia mkewe. Jumatatu alifunga karakana, akazikunja barua kama kitambaa cha suti, akaenda ofisini. Alipofika dirishani alizikunjua juu ya meza ya karani, moja chini ya nyingine, na karani akainua mikono kuokoa mihuri yake.

"Mzee, hapa si karakana."

Fundi alieleza. Alionyesha mikia kwa kidole. Karani alitazama, akatazama tena, na kwa dakika moja ilionekana kama ameona. Kisha akavua miwani.

"Wewe baba mzazi unataka nimtoe mwanao kwa wazima, nimpeleke kwa waliopotea. Na barua sita unazo mkononi."

"Ndiyo."

"Watu wanalia hapa kila siku kwa kukosa hata moja."

"Zote ni za siku moja," fundi alisema. "Mtafuteni, tafadhali. Sisi ndio tuliowazuia."

Benchini nyuma yake watu walinong'ona. Mmoja alisema, si kwa sauti ya chini, kwamba wengine wanapewa na bado wanalalamika. Karani alitoa fomu. Iliandikwa: mimi mzazi ninathibitisha kwamba sina habari zozote za mwanangu. Fundi alisaini, lakini saini haikusomeka, kwa hiyo karani akamsogezea pedi ya wino na kumwambia aweke dole gumba. Akaweka. Gumba lile lile lililomfanya mama yake awe mzima, sasa lilimfanya mwanawe awe amepotea, na yeye alirudi nyumbani akilificha mfukoni.

Mkewe aligundua siku hiyo hiyo, kwa sababu ya wino. Akaambiwa yote.

"Umemfuta mtoto," alisema.

Fundi alitaka kumwonyesha mikia, mkewe hakukubali kutazama. Hakusema naye Jumanne, Jumatano wala Alhamisi. Ijumaa mgawa barua alipita saa ile ile ya siku zote. Mama Pindo alimpokea mlangoni, akaifungua bahasha, akasoma kimya: Pindo alikuwa mzima, alikuwa akila, alimwomba Bibi asimalize sukari. Kisha akaileta mezani mwenyewe, akaziweka zile sita alivyoelezwa, na akaipeleka ya saba chini kwa mkono wake. Iliingia sawasawa. Chini ya jina hapakuwa na mkia. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa kwa mkasi, umenyooka. Gombo lilikuwa limeishia hapo.

Alasiri ile hakukivuta kiti, na kikombe cha saa kumi hakikumiminwa.

*

Ijumaa iliyofuata mgawa barua hakusimama. Wiki nzima nyumba ilikuwa na ukimya wa watu wanaosikiliza. Fundi alishona vibaya. Redio iliachwa wazi kutwa, maana sasa hawakuwa na mwingine wa kumwamini, na redio haikumtaja Pindo.

Jumanne, siku isiyo na barua, mgawa barua aligonga. Bahasha ilikuwa nyepesi kiasi kwamba alisema labda walisahau kutia kitu. Juu yake palikuwa na muhuri wa hospitali ya shirika la misaada, ng'ambo ya mpaka. Anwani ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa zilizoanguka kichalichali, mwandiko ambao hawakuujua. Mama Pindo akampa mumewe. Mumewe akamrudishia. Mwisho Mama Pindo akaipasua.

Kilichotoka kilikuwa kipande cha karatasi nyeupe ya mistari, upana wa vidole viwili. Juu yake palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa zambarau, na katikati ya alama mstari mweupe umeipasua kutoka upande hadi upande.

Mama Pindo alikiachia kikaanguka mezani. "Ni cha Bibi," alisema.

Wote wawili wakageuka kukitazama kiti, watu wazima hawa, mchana kweupe. Bibi alikuwa na wiki ya saba kaburini. Paka wa jirani alikuwa amelala juu ya kiti hicho. Aliinua kichwa akawatazama naye, kisha akatoka nje bila haraka. Hawakuwahi kumwona akikalia kiti kile hata siku moja Bibi alipokuwa hai.

Fundi ndiye aliyepiga moyo konde na kukigeuza kipande. Nyuma yake, kwa herufi zile zile zilizoanguka, paliandikwa: *Huyu ndiye Bibi. Yule wa barua zenu mbili za mwisho ni nani? Niambieni kweli, nami nitawaambia.*

Ilimchukua muda kuelewa. Karatasi ilikuwa yao wenyewe, ya daftari la mkewe. Pindo alikuwa ameikata kutoka barua ya zamani, ya miezi ya amani. Fundi akalileta gumba lake karibu na alama ile. Lake lilikuwa la mviringo, limejaa, halina mpasuko. Wameishi na kidole kile miaka yote, kimewalisha, kimewafinya, na walikuwa wamelisahau kovu.

"Mama Pindo," alisema. "Amezipata za baada ya msiba. Hiki hakukiandika siku ile pamoja na zile saba. Hiki amekiandika sasa."

Akaketi kwenye kiti cha mama yake, akalia bila kujificha, kwa furaha ambayo haikuwa na sura nyingine. Mwanawe alikuwa hai. Alikuwa hai na amekasirika, na ghadhabu ile ilikuwa tamu kuliko barua saba za kushiba.

Mkewe hakulia. Alikuwa amekipeleka kipande dirishani, akikiinamisha huku na huku kwenye mwanga. Alimfundisha Pindo herufi mwenyewe, juu ya meza hii hii, na alijua kila herufi yake inavyosimama.

"Ni mwandiko wake," alisema polepole. "Ila ameandika kwa mkono wa kushoto."

Fundi alikuwa amemfundisha mtoto huyo kushika mkasi. Pindo hakuwahi kutumia mkono wa kushoto hata kufunga kifungo.

Mama Pindo akatoa daftari, akavuta stuli, akaweka kalamu tayari. Aliuliza kama amuulize habari ya mkono.

"Usimuulize. Amesema atatuambia."

"Sasa nianze wapi?"

"Anza na mazishi," fundi alisema.

Akaandika. Aliandika siku ilivyokuwa, nani aliyefika, nguo gani walimvika na nani aliyeishona. Aliandika habari ya kikombe, na kiti, na orodha mbili za ukutani, na yeye alivyokwenda kutamba. Walipofika chini ya ukurasa, kwa mazoea tu, alisukuma pedi ya wino upande wa mumewe. Fundi akaifunika. Kona ya kulia wakaiacha tupu.